Bosi Amekuwa Bosi Kweli

Shikamoo Somo,

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Sahare, hapa hapa Tanga. Jina langu naomba ulihifadhi, mtaa wetu ni mdogo na habari za mbwa wetu zimeshafika mpaka dukani. Nimesita sana kukuandikia. Wenzangu wanakuletea mambo ya ndoa na mirathi, mimi nije na mbwa? Lakini nimefika mahali silali.

Mwezi wa 11 mwaka jana tuliibiwa. Waliruka ukuta usiku, wakabeba baiskeli mbili na mtungi wa gesi. Mume wangu ni dereva wa lori, akienda Tunduma na kuvuka huko mbele anakaa wiki mbili au tatu, akirudi ni siku nne tu anaondoka. Akasema siwezi kubaki na watoto bila ulinzi. Kaka yake mkubwa akatuletea mtoto wa mbwa kutoka Muheza, dume, mweusi mwenye kifua cheupe. Alikuwa mdogo mno, wiki tano hivi, hata maziwa alikuwa anayalamba kwa kubahatisha. Mume wangu akampa jina Bosi.

Shemeji akaja na masharti yake. Mbwa wa ulinzi haonyeshwi watu. Ashinde bandani, afunguliwe usiku tu, watoto wasimchezee, mgeni asimshike, na akifika miezi mitatu achanganyiwe pilipili kwenye ugali ili awe mkali. Pilipili nilikataa kimoyomoyo, nikasema natia kumbe sitii. Mengine yote niliyafuata. Banda lenyewe ni mabati na mbao, nyuma ya choo, giza tupu. Wiki za mwanzo alilia usiku kucha, na binti yangu akilia naye. Kuna usiku nilitoka nikapenyeza kidole kati ya mbao, akakinyonya mpaka akalala. Nikarudi ndani kimya, sikumwambia mtu.

Sasa Bosi ana miezi tisa na jina limemkaa. Ukimwekea chakula anaiinamia sufuria, mwili unakakamaa, anakula huku anakutazama kwa pembe ya jicho. Sogea hatua moja, anaunguruma. Akifunguliwa anawahi mkeka wa barazani, ukimwambia aondoke anatoa meno. Anapanda mito, anampanda dada wa kazi mguuni, watoto wanacheka mimi natafuta pa kuuweka uso. Ukimshika shingoni kumfunga kamba ndiyo balaa, anageuka na meno. Na getini kila baiskeli ikipita anajirusha mpaka geti linalia. Mwanamume mwenye mwamvuli, usiseme.

Wiki tatu zilizopita dada wa kazi alitoka kumwaga taka, geti akaliegesha tu. Watoto wa madrasa walikuwa wanarudi. Bosi akachomoka, akamdaka kanzu mjukuu wa bibi jirani, mtoto wa miaka minane. Kanzu ilichanika, na mguuni kachubuka kidogo. Bibi alimwosha mara saba, moja kwa udongo, nami nikapeleka kanzu mpya na kuomba radhi. Aliipokea. Akasema, “Mwanangu, makelele yake tumeyavumilia, lakini sasa amefika mwilini.” Huyu ndiye aliyenishika mkono nikijifungua mtoto wa pili, mume wangu yuko njiani. Mwezi wa Ramadhani bakuli lake la futari halikuwahi kunipita japo mimi si Mwislamu. Tangu siku ile tunasalimiana tu.

Shemeji aliposikia akaja mbio. Akasema mbwa ametupanda kichwani, anataka kujua nani mkubwa humu ndani. Ana video kwenye simu. Akambwaga Bosi chali, akamkandamiza koo, akakaa hivyo hivyo mpaka mbwa akalegea na kujikojolea. “Umeona? Ameshika adabu.” Akarudia siku nyingine mbili. Kweli Bosi hakumngurumia tena. Ila Jumapili iliyopita, shemeji ameinama kuokota funguo, Bosi aliuvamia mkono wake bila sauti yoyote. Aliukosa kidogo tu.

Katikati ya hayo mume wangu amerudi safari na mtoto mwingine, jike, wiki nane kwa hesabu ya aliyempa. Eti Bosi apate mwenzake atulie. Watoto wanamwita Pili. Bosi anamnyang'anya chakula, anamlaza chini na kumsimamia juu, Pili anapiga kelele na watoto wanapiga kelele. Na amri ni ile ile: Pili naye aingie bandani asizoee watu. Mume wangu anapiga simu kutoka barabarani, “Ameshaingia?” Nasema ndiyo. Pili analala jikoni ndani ya kikapu.

Nimrudishe Pili? Bosi tumtoe, na nani atamchukua? Mume wangu hataki nimpinge kaka yake. Nisaidie, Somo.

Mama mwenye mbwa wawili, Sahare

*

Marahaba mwanangu, na pole sana.

Wala usione haya. Safu hii imeshapokea barua ya jogoo aliyevunja undugu wa nyumba mbili, sembuse mbwa. Yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na mwanangu ambaye ni daktari wa mifugo, kwa sababu mambo ya mashemeji nayajua mwenyewe, ya mbwa nayajua nusu.

Kabla ya Bosi, nianze na mguu wa yule mtoto. Umeandika “kachubuka kidogo” ukapita. Bibi alipomwosha mara saba alimtoa najisi, na alifanya alivyofundishwa. Kichaa cha mbwa kina uoshaji wake: sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku ile ile, hata kama mbwa ni wa nyumbani na jino limekwaruza tu. Ugonjwa ule dalili zikishaanza hauna tiba. Mbwa aliyeuma huangaliwa kwa siku 10, na kwa kuwa wiki tatu zimepita na Bosi yu hai, anakula na kubweka kama kawaida yake, mwanangu ananiambia siku ile mate yake hayakuwa na kichaa. Hata hivyo, ongozana na Bibi mpaka kituo cha afya, mtoto atazamwe, waulize na habari ya pepopunda. Nenda mwenyewe, usimtume dada wa kazi. Utaona kwamba safari hiyo ina kazi nyingine zaidi ya ile ya daktari.

Na jambo jingine. Barua ndefu namna ile, banda limo, pilipili imo, video imo. Neno chanjo halimo. Kama nimekosea unisamehe. Kama sikukosea, mwite bwana mifugo wa kata wiki hii. Tarehe 28 Septemba ni siku ya kichaa cha mbwa duniani, siku aliyofariki Louis Pasteur mwaka 1895, na sehemu nyingi huchanja mbwa karibu na siku hiyo. Ila nyumba yenye geti linaloegeshwa isisubiri siku hiyo.

Haya, tuje kwa Bosi. Kila anayemzunguka ameshakubaliana na mwenziwe juu ya neno moja: jeuri. Anataka ukubwa. Nami nakuuliza taratibu, wewe uliyempa kidole usiku akakinyonya: ulichokiona kwenye giza lile kilikuwa jeuri? Na kilibadilika lini?

Tazama ulivyomweleza mwenyewe. Anaiinamia sufuria na mwili umekakamaa. Mbwa mwenye uhakika na chakula chake hula kwa raha, mkia umelegea, hata ukipita hakutazami. Anayekula kwa pembe ya jicho anaogopa kunyang'anywa. Getini, baiskeli inatokea, yeye anajirusha na kubweka, baiskeli inakwenda zake. Ingekwenda hata asingebweka, lakini yeye hajui hilo, anaamini ameifukuza. Kwa Tanga hii ya baiskeli, mwanangu, mbwa huyo anashinda vita mara mia kwa siku, na anayeshinda haachi. Mito na mguu wa dada wa kazi ni vurugu za kijana anayebalehe, michezo iliyopitiliza. Usitafute siasa humo.

Bosi alitolewa kwa mama yake wiki ya tano, wakati ilitakiwa angalau wiki ya nane, kwa sababu ni mama na ndugu zake wanaomfundisha kuuma kwa kiasi. Kisha akawekwa gizani. Mtoto wa mbwa ana dirisha linalofunguka kama wiki ya tatu na kuanza kufunga wiki ya 12 mpaka ya 14. Anachokutana nacho humo kwa amani anakiandika kuwa ni cha dunia yake. Asichokutana nacho anakiandika kuwa ni hatari. Mwaka 1961 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya watoto wa mbwa waliolelewa uwanjani bila kushikwa na binadamu: waliokaa hivyo mpaka wiki ya 14 waliwakimbia watu kama wanyama wa porini. Ninyi mmefanya utafiti ule ule Sahare bila kujua. Mwamvuli Bosi aliuona lini akiwa mdogo? Kanzu? Mtoto anayekimbia? Yote yalipita upande wa pili wa mabati, akayasikia bila kuyaona.

Watu husema samaki mkunje angali mbichi, na wengi huusema msemo huu fimbo ikiwa mkononi. Kumbuka tu kwamba samaki mbichi hakunjwi kwa nguvu.

Sasa hii elimu ya kumbwaga mbwa chali. Simcheki shemeji yako, fikra ile ilivaa kanzu ya kisomi kwa miaka mingi. Mwaka 1947 Rudolf Schenkel aliandika juu ya mbwa mwitu wa Ulaya, si hawa wetu wenye madoa wa Mkomazi, waliofungiwa pamoja kwenye bustani ya wanyama mjini Basel, Uswisi. Wamefungiwa, hawana pa kwenda, waligombana, na watu wakachukua kwamba kila kundi lina jitu kubwa linalowatisha wengine. Mmarekani David Mech aliieneza fikra hiyo kwa maandishi yake ya mwaka 1970. Baadaye akaenda kuwafuatilia mbwa mwitu porini, kisiwa cha Ellesmere huko Kanada, kiangazi baada ya kiangazi, na mwaka 1999 akaandika kwamba kundi la porini kwa kawaida ni baba, mama na watoto wao. Ni familia. Mzee anaongoza kwa sababu ni mzazi. Yeye mwenyewe aliyeieneza ndiye aliyeirekebisha, ila hilo kwenye simu ya shemeji halijafika.

Sisemi mbwa hawana mambo ya ukubwa. Wawili wakiwa na mfupa mmoja, mmoja atampisha mwenziwe. Lakini hiyo ni habari ya mfupa ule, na kesho wanaweza kupishana kinyume. Kutoka hapo mpaka kusema mbwa amepanga kuitawala nyumba ya dereva wa lori ni safari ndefu.

Kinachonitisha ni ile Jumapili. Mngurumo wa mbwa ni hodi. Anasema, nina wasiwasi, usisogee. Shemeji amempiga kwa sababu ya kubisha hodi, na Bosi amejifunza kuingia bila hodi. Ule mkojo tusiuite adabu. Binadamu akijikojolea chini ya mtu aliyemkaba koo, tunajua neno lake. Hili la kumbwaga ndilo peke yake nitakalokuomba bila kuzungukazunguka: lisimame, na zaidi lisifanywe mbele ya watoto, maana watoto huiga, na uso wa mtoto uko sawasawa na mdomo wa mbwa.

Unaweza kufanya nini kwa Bosi wa leo? Dirisha lake limeshafunga, lakini ukuta hautobolewi kwa siku moja wala haushindikani kabisa. Ale peke yake, mlango umefungwa, asisumbuliwe. Wewe mtu mzima, si watoto, pita mbali na umrushie kitu kitamu kuliko kilicho sufuriani, kipande cha samaki, kisha uendelee na safari yako. Siku nyingi hivyo hivyo. Akianza kukutazama kwa hamu badala ya kukakamaa ndipo unapunguza hatua moja. Sufuria usiinyakue kumpima. Wengi hupima ubaya huo mpaka wanauumba. Mkekani usimvute, mwite kwa kitu, akija apate. Geti lizibwe sehemu za kuchungulia, liwekewe na komeo la pili juu. Mchana asifungwe muda wote, na asitoke nje ya geti bila kamba imara mkononi mwa mtu mzima, na kikapu cha mdomo alichozoeshwa polepole kwa chakula, siyo kuvalishwa kwa mieleka. Kuhasiwa kutapunguza kuzurura, kukojoa kila kona na hiyo tabia ya kupanda. Woga hakuuondoi, na mwanangu amesisitiza nikuambie hivyo, kwa kuwa watu huhasi mbwa jioni wakategemea malaika asubuhi.

Hatari yake nayo niitaje. Kazi hii ni ya miezi, na wewe uko peke yako na watoto wawili. Mbwa aliyeshaanza kuuma bila kuonya si wa kumpa nafasi ya pili ya geti lililoegeshwa. Kama ukitazama siku yako ilivyo, kazini, sokoni, watoto shule, ukaona huwezi, kumtoa si uhaini. Lakini basi mtoe kwa mtu mzima anayejua anachopokea, mwenye shamba lisilo na watoto, aelezwe yote pamoja na lile la kanzu. Kumwachia njiani kule Pongwe usiku, kama wengine wafanyavyo, ni kumhamishia mtoto wa mwenzio meno yale yale. Na ipo njia ya tatu, ya daktari na sindano, ambayo sikuhimizi wala siifichi. Ukifika huko, ufike baada ya daktari kumwona Bosi kwa macho yake, si kwa hasira ya mtaa.

Pili ni habari nyingine kabisa, na hapa nakuona una bahati ambayo hukuihesabu. Ana wiki nane. Una wiki nne mpaka sita za dirisha wazi. Ukimfungia, utapata Bosi wa pili. Mimi nashindwa kuona itakuwaje vinginevyo.

Kuhusu ugomvi wao, kaa utazame kwa makini siku moja. Mbwa mkubwa humkemea mdogo, ni kawaida: kelele nyingi, sekunde mbili, mdogo anainuka, anajikung'uta na kuondoka, na mkubwa anamwacha. Hiyo ni shule. Kama Bosi anamshikilia kimya, anamtikisa, anamfuata hata Pili akiwa amefyata mkia na kukimbilia uvunguni, hiyo siyo shule tena, watenganishwe. Chakula ni vyumba viwili kwa hali yoyote. Na wasiachwe peke yao kwa sasa.

Kumzoesha dunia watu hudhani ni kumpitisha mikononi mwa kila mtu. Sivyo, na kwa mtaa wako isingewezekana. Mtie kwenye kile kikapu chake, kaa naye barazani saa watoto wa madrasa wanaporudi, umbali ambao masikio yake yamesimama lakini mwili umelegea. Kanzu inapita, kipande cha dagaa. Buibui linapita, dagaa. Kengele ya muuza samaki, bajaji, mwamvuli unaofunguliwa, adhana, mvua juu ya bati, mama mwenye ndoo kichwani. Dakika tano, mnarudi ndani. Akilamba midomo, akipiga miayo bila usingizi au kugeuza uso, umemsogeza karibu mno; rudi nyuma, usimlazimishe. Ardhini ambako mbwa wa mtaani wanapita usimteremshe bado, kwa kuwa virusi vya pavo, vile vinavyoua watoto wa mbwa kwa kuharisha, hukaa udongoni miezi mingi. Chanjo zake za mwanzo huanza wiki ya sita mpaka ya nane na kurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne mpaka karibu wiki ya 16. Ya kichaa hupigwa miezi mitatu. Ukingoja zote ziishe ndipo umtoe, dirisha litakuwa limefungwa. Ndiyo maana ya kikapu.

Umeona tunaelekea wapi? Unachotaka Pili ajifunze ni kumwona mjukuu wa Bibi akipita na asijali. Bibi naye hataki zaidi ya hicho. Hataki kumshika mbwa, hataki mbwa amshike. Mimi nimesoma chuo Ngamiani nikiwa mdogo, na tulifundishwa kwamba mbwa wa mifugo, wa shamba na wa kuwinda ana nafasi yake, na wanazuoni wengi wameongeza wa kulinda nyumba. Kinachoogopwa ni mate na umajimaji, kavu kwa kavu hainajisi. Bibi anayajua haya kuliko mimi. Sidhani kama ugomvi wake ni wa dini, ni wa mjukuu. Mkitoka kituo cha afya, mwonyeshe komeo jipya. Mwambie watoto wapite saa ngapi Bosi akiwa ndani. Muulize yeye angependa nini. Huenda bakuli halitarudi upesi, na hilo nalo ni haki yake.

Nimeiacha nyumba yako mwisho kwa makusudi. Umedanganya mara mbili, kwa pilipili na kwa banda, na mara zote mbili kwa wema. Sikulaumu. Lakini mume wako yuko barabarani akiamini ana mbwa wa aina moja nyumbani, kumbe ana wa aina nyingine, na siku atakayokuta Pili anajikunja miguuni mwa watoto, mazungumzo yatakuwa ya uongo, siyo ya mbwa. Je, yeye anataka mbwa mkali, au anataka wewe ulale salama akiwa Tunduma? Ulishamuuliza hivyo? Mwizi akiruka ukuta, mbwa anayewajua watu wake na mtaa wake atabweka vilevile, usiku ule mgeni si wa kawaida na yeye anajua. Mbwa anayeogopa kila kitu hubweka kutwa mpaka mtaa mzima unazoea. Na yule aliyechomoka getini, mwanangu, hakumdaka mwizi.

Shemeji mpishe heshima yake mbele ya watu. Ni mkubwa, na alileta mbwa kwa nia ya kukulinda. Labda mume wako ndiye azungumze naye, labda bwana mifugo akija kuchanja awepo shemeji pale amsikie mwanamume mwenziwe. Hila ndogo ya kike, ndiyo. Nimeitumia mwenyewe.

Nilikuwa nimeshafunga barua, mwanangu akauliza: ile kamba ya shingoni ni ya nini? Kama ni ya katani kama nionavyo nyumba nyingi hapa kwetu, na ilifungwa akiwa mdogo, na shingo imekua, pengine imezama. Umesema akishikwa hapo ndipo anapogeuka na meno. Usimshike wewe wala shemeji. Daktari akija amfunike mdomo, apapase chini ya manyoya, atazame kama kuna kidonda. Kisha uniandikie walichokikuta.

Somo